Safu Tupu ya Uwanja wa Gundry

Jumatatu, Agosti 25, 1997

Presha 150 kwa 92. Daktari kanipa daftari hili niandike presha kila siku mpaka Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, na nikiona imepanda niandike na kilichoniudhi. Nikamwambia basi aniongezee daftari la pili. Hakucheka.

Leo nimeziba ufa. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Agosti, kabla ya mechi ya kwanza, naingia chini ya jukwaa la mashariki na ndoo ya saruji na mwiko wangu, naziba ufa wa ile boriti iliyobeba safu ya viti ya arobaini na nne, kisha naupaka rangi ya kijivu mpaka usiuone. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na nane nikiwa fundi mkuu. Kabla yangu alikuwa baba, Emmett Stuckey, naye ndiye aliyenionyesha. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila siku hiyo alisema, "Hapo juu wanakaa wavulana. Kuacha ufa chini yao ni sawa na kuacha magugu yaote kaburini." Basi mimi huvua kofia kabla sijaanza. Atakayenicheka shauri yake.

Wavulana wenyewe ni wale kumi na mmoja wa chuo chetu waliofia vitani Ufaransa mwaka 1918. Kocha Ambrose Gundry, ambaye uwanja una jina lake, aliitenga safu hiyo kwa ajili yao mwaka 1931, na tangu hapo hakuna aliyeikalia. Ikifika robo ya nne, ile ya mwisho ya mechi, watu wote wa jukwaa la mashariki, elfu thelathini na kitu, husimama wakapiga miguu chini mara kumi na moja kwa pamoja, kila mvulana kishindo chake. Mimi nimezaliwa nikakuta hivyo.

Jumamosi, Agosti 30

148 kwa 90. Tumeshinda. Jua kali. Maji ya kunywa yaliisha mlango wa nne, nikalaumiwa mimi.

Jumatano, Septemba 3

Mkaguzi wa majengo wa jimbo, Bi Paulsen, mama mrefu asiyependa porojo, amekuja na tochi yake. Huja kila baada ya miaka miwili. Chini ya safu ya arobaini na nne aliimulika boriti, akaona rangi safi, akanisifu kwa utunzaji, akatia sahihi. Alikunywa kahawa yangu bila sukari. Nilifurahi, sitaki kuficha.

Jumamosi, Septemba 6

Tumeshinda tena. Watu walipoondoka nilikuta kipande cha saruji yangu kimeanguka sakafuni, kikubwa kama sahani. Miaka mingine huwa kinadondoka Novemba. Labda mwaka huu niliweka mchanga mwingi.

Jumapili, Septemba 14

Mvua tangu Alhamisi. 151 kwa 92.

Jumanne, Septemba 16

Mke wangu Verna amepata barua kutoka kwa Dale Rademacher, mkurugenzi wa michezo wa chuo. Uwanja unatimiza miaka sabini na mitano, na Dale ameamua kwamba mechi ya mwisho ya msimu, Novemba 22, safu ya arobaini na nne itakaliwa kwa mara ya kwanza. Watakaoikalia ni jamaa za wale wavulana.

Verna ni mmoja wao. Clifford Aldous, mdogo kuliko wote kumi na mmoja, alikuwa kaka wa bibi yake. Bibi yule alikuwa kila mwaka anamwomba Kocha amruhusu akae pale dakika moja tu, na Kocha kila mwaka anamkatalia kwa upole na kumtumia maua. Verna alinisimulia hilo siku tulipochumbiana, na leo kanisimulia upya kana kwamba sijawahi kulisikia. Kaisoma barua mara tatu amesimama jikoni. Kisha katoa koti la bluu la bibi yake kabatini, kalitundika barazani lipate hewa. Ana miaka sitini, na nimemwona akitembea kama msichana.

Jumamosi, Septemba 20

Tumeshinda. Ufa umerudi wote, juu mpaka chini. Sarafu inaingia. Nimechora alama ya penseli pale unapoishia, na tarehe kando yake. Sijui kwa nini nimefanya hivyo, sijawahi kufanya.

Jumamosi, Septemba 27

Timu imesafiri. Uwanja mtupu, mvua tupu. Nimekwenda kuangalia alama. Ufa haujasogea hata unywele.

Jumamosi, Oktoba 4

158 kwa 96.

Leo wahitimu wa zamani wamerudi, uwanja umejaa mpaka ngazini. Miaka yote hii, ikifika robo ya nne, mimi huwa juu na wengine, nimevua kofia, napiga miguu. Leo nilikaa chini peke yangu, kwenye stoo ya makoleo, chini ya boriti.

Kwanza bendi ilinyamaza. Nikasikia watu wakisimama, mlio mrefu wa viti. Halafu kishindo cha kwanza. Vumbi likashuka. Cha pili, cha tatu, taa ya stoo ikaanza kucheza. Kufikia cha tano nilikuwa nimeweka kiganja kwenye zege, na nilihisi upande mmoja wa ufa ukipanda huku wa pili ukishuka. Zilikuwa pande mbili mbalimbali, kila mmoja na mwendo wake. Cha kumi na moja kilipopita kukawa kimya, kisha wakashangilia kule juu, elfu thelathini, wamefurahi.

Ufa umeipita alama yangu kwa upana wa viganja viwili. Mimi ni fundi, si mtoto. Nimeogopa.

Alhamisi, Oktoba 9

Bi Imogene Traub anatunza chumba cha nyaraka za zamani za chuo, na ndiye anayeandika kitabu cha sherehe. Alinipigia simu nikamsaidie kutambua picha moja. Nimekwenda na viatu vya tope, akanitandikia magazeti kuanzia mlangoni.

Picha ni ya Oktoba 1931. Ni stoo yangu ya makoleo. Chini ya boriti kuna magogo sita yamesimamishwa kuitegemeza, na kando yake Kocha Gundry, kofia mkononi, anaangalia juu. Nikamwambia hiyo ni safu ya arobaini na nne kwa chini. Bi Traub akasema alidhani hivyo, akavua miwani, akanisogezea barua. Ni ya Kocha kwa mjenzi wa uwanja. Nimeomba niinakili:

"Boriti imepasuka. Chuo hakiwezi kufunga jukwaa katikati ya msimu. Nimeiondoa safu moja nzima ili kupunguza uzito mpaka mtakapokuja kuibadilisha. Watu nimewaambia ni kwa heshima ya wavulana wetu. Ningewaambia ukweli wasingekuja, na ningetoa sababu nyingine yoyote wasingetii."

Mjenzi alifilisika majira ya baridi yaleyale. Hakuna aliyekuja. Magogo yalioza yakatolewa.

Nikauliza kupiga miguu kulianza lini. Bi Traub alikuwa ameshatafuta. Msimu wa 1932, gazeti la chuo linasema wanafunzi walianza wenyewe, kuwaheshimu wavulana wa safu tupu. Kocha aliwaandikia waache, akasema ni kelele zisizofaa. Hawakuacha.

"Alitunga uongo ili boriti ipumzike," akasema Bi Traub, "na uongo ndio uliowafanya waipige miaka sitini na mitano."

Nilikuwa namfikiria baba na ndoo yake.

Ijumaa, Oktoba 10

Kwenye lango kuna sanamu ya Kocha. Kila anayepita hugusa kiatu chake, kimeng'aa mpaka kimekuwa kidogo. Nimekigusa kila siku ya kazi. Leo nilipita upande wa pili wa njia.

Jumatatu, Oktoba 13

160 kwa 98.

Nimemwendea Dale. Aliwahi kuwa mchezaji wetu, mabega bado hayajui kuwa amezeeka. Aliniita mzee wangu, akanitolea kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia jukwaa lifungwe. Akazungushazungusha kalamu.

"Umeuziba mara ngapi huo ufa, Orrin?"

"Ishirini na nane."

"Na boriti imewahi kuanguka?"

"Haijawahi kukaliwa."

"Bi Paulsen alitia sahihi Septemba," akasema taratibu. "Unataka mimi nimwambie ni nani aliyeupaka ufa rangi?"

Hakupandisha sauti. Alinisindikiza hadi mlangoni mkono begani, akaniulizia presha. Nilifika kwenye pikapu nikakaa kitambo ufunguo mkononi. Nimemchukia kwa kuwa alisema kweli.

Jumamosi, Oktoba 18

Tumeshinda, hatujafungwa msimu mzima, mji umepata wazimu. Penseli inaingia. Mlango wa stoo haufungi tena, fremu imepinda.

Jumapili, Oktoba 26

Theluji imeanguka tangu jana, mwezi mzima kabla ya wakati wake, nzito na yenye maji. Mahindi bado yako shambani. Umeme umekatika, naandika kwa mshumaa mchana kweupe kwa jinsi mbingu ilivyofunga.

Nimemwambia Verna. Sikuwa nimepanga. Alikuwa anapiga pasi kola ya lile koti kwa pasi iliyopoa, anauliza kama siku hiyo nitamsindikiza mpaka kwenye kiti, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilimweleza boriti, barua, maua ya bibi yake. Niliposema maua, akaiweka pasi chini.

"Bibi alikuwa anayakausha yale maua. Yako kwenye Biblia yake mpaka leo."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unaziba."

"Sikujua ni nini, Verna. Baba alisema..."

"Ulijua ni ufa."

Alilikunja koti vizuri akalirudisha kabatini. Kalala chumba cha wageni.

Jumatatu, Novemba 3

Verna anapika, anaweka mezani, anakwenda kula jikoni. Supu ya kuku. 163 kwa 100.

Jumamosi, Novemba 8

Theluji imeyeyuka ikaingia kwenye ufa, usiku ikaganda. Barafu hutanuka, kila mwenye bomba analijua hilo. Leo kimepita kidole changu kizima, na ndani nimegusa nondo zikabaki mkononi vipande vipande, kahawia. Juu walikuwa wanaimba. Kwenye robo ya nne nilisimama nje kabisa, kwenye maegesho, na nikavisikia vishindo vyote kumi na moja kupitia lami.

Jumatatu, Novemba 10

Dale katangaza redioni. Familia za wavulana, anasema, zimeomba zenyewe safu isikaliwe kamwe, kwa kuwa heshima ni kubwa kuliko kiti. Jamaa watasimama uwanjani, kwenye nyasi, na kama shukrani jukwaa la magharibi nalo litapiga miguu. Uwanja mzima, watu elfu sabini, kwa mara ya kwanza. Mtangazaji alilia, au alijifanya.

Hakuna familia iliyoomba kitu; Dale kaiogopa boriti. Lakini nilichokisikia mimi kwanza ni kwamba Verna hatakaa pale. Mabega yangu yakalegea. Nimekula vizuri. 149 kwa 90, nzuri kuliko siku zote tangu nianze daftari.

Jumanne, Novemba 11

Nimesoma nilichoandika jana na nimeona haya. Mke wangu yu salama, kwa hiyo presha imeshuka. Na wa safu ya arobaini na tatu? Na wa arobaini na tano? Sikuwafikiria kabisa.

Wiki zote hizi nimekuwa nikimtukana Kocha moyoni. Mtu mnafiki, mtu wa sanamu. Leo namwona mle kwenye picha na kofia yake mkononi, boriti juu, msimu katikati, kila mtu anampenda, naye anasema ngoja nitafute maneno mazuri ya kupitisha wiki hii. Halafu wiki nyingine. Sidhani alikuwa mbaya. Nadhani alikuwa kama mimi, na hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, Novemba 13

Dale katuma karatasi: niuzibe ufa kabla ya Jumatano ijayo, watu wa televisheni watapita kule chini. Nilikoroga saruji. Nilikaa kando ya ndoo mpaka saruji ikagandia humo ndani pamoja na mwiko.

Jumamosi, Novemba 15

Timu imesafiri. Imeshinda. Magari yamepiga honi mpaka jioni.

Jumanne, Novemba 18

Fundi kutoka nje ameletwa. Kaziba na kupaka rangi kwa saa mbili. Kazi safi, siwezi kuisema vibaya.

Jumatano, Novemba 19

166 kwa 102.

Baada ya chakula cha mchana Verna alikuja akakaa mbele yangu, mara ya kwanza tangu theluji. Aliweka simu mezani, waya wake umevutwa kutoka ukutani mpaka kwenye sahani yangu. Nikamwambia nikimpigia Bi Paulsen lazima niseme nani aliziba. Nitafukuzwa kabla ya kustaafu, na jina la baba litaburuzwa kwenye magazeti. Mjini hatutapata hata wa kutusalimia kanisani, hasa msimu huu ambao hatujafungwa.

"Ni kweli," akasema Verna.

"Huoni haya?"

"Naona haya sasa hivi, Orrin. Sitaona zaidi ukishasema."

Nikapiga. Nilikosea namba mara mbili. Bi Paulsen alisikiliza bila kunikatiza, akauliza maswali matatu, akasema atafika keshokutwa na watu wake. Verna alinishika mkono muda wote huo. Baadaye akasema supu imepoa, akaenda kuipasha.

Ijumaa, Novemba 21

Sijapima.

Bi Paulsen alifika saa tatu asubuhi na mafundi wawili na ngazi. Dale alikuja mbio bila koti. Nilimwonyesha Bi Paulsen pa kupiga, akapiga nyundo mara mbili, saruji ya yule fundi ikamwagika yote. Akaingiza mkono mpaka kifundo. Alipoutoa ulikuwa umejaa kutu.

"Nani alikuwa anaziba hapa?"

Dale aliniangalia. Sikuhitaji kuangaliwa.

"Mimi. Na kabla yangu, baba."

"Nilipokuja Septemba?"

"Rangi ilikuwa ya siku tisa."

Aliandika. Hakunikaripia, na heri angenikaripia. Akawaambia watu wake wafunge milango yote ya jukwaa la mashariki kwa utepe na minyororo. Dale akaanza kubembeleza. Kesho ni kesho, watu wako njiani, hoteli zimejaa mpaka mji wa tatu. Akasema basi, sawa, mashariki ifungwe, atawahamishia wote magharibi, wabanane wasimame, na mila haitavunjwa, watapiga miguu wote pamoja upande ule.

Bi Paulsen aligeuka akatazama ng'ambo ya uwanja. Jukwaa la magharibi lilikuwa linapigwa na jua, la kijivu, safi, halina doa.

"Bwana Stuckey," akasema, "na kule?"

Mwanzoni sikuelewa anauliza nini. Ufa wa mashariki una safu tupu, una wavulana, una hadithi, nikauvulia kofia miaka yote. Kule hakuna kitu. Kule kila Agosti nikimaliza mashariki huvuka tu na saruji iliyobaki, nikapita chini ya boriti moja baada ya nyingine, redio mfukoni, naziba ninapopaona, kama baba alivyokuwa akifanya. Mjenzi ni yuleyule, mwaka ni uleule. Haijawahi kunijia akilini kuwa zile nazo ni nyufa.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia sijawahi kuzihesabu.

Alibeba tochi, mimi nikabeba ngazi na nyundo, tukavuka nyasi. Dale hakutufuata. Tulianza mlango wa kwanza, mimi naonyesha, yeye anagonga na kuandika. Kesho hakuna mechi. Giza lilipoingia tulikuwa tumefika ufa wa hamsini na tatu, na nusu ya jukwaa ilikuwa bado.